Njia ya Sagalla

Mkawasi alikata katikati ya kifuniko cha kopo la siagi mpaka ikabaki pete pana ya plastiki, kisha akaivisha chungwa. Pete ilikaa upande, imeegemea ganda.

"Shika hapa," akamwambia mumewe.

Mwanyumba alikuwa mlangoni mwa jikoni, kofia kichwani, tayari kwenda kufungua kinu chake cha kusagia mahindi. Alirudi, akavuta kigoda, akalishika chungwa kwa vidole viwili. Miaka sita alikuwa akiuliza swali moja: kama mnamwona, mbona hammleti? Leo mke wake alikuwa na jibu jipya, na alitaka alielewe kabla hajaenda kuwatangazia ndugu.

"Chungwa ni dunia. Mstari huu niliouchora kwa kalamu ni ikweta. Pete ni njia ya Sagalla." Sagalla kilikuwa chombo cha angani alichofia binti yao. "Sasa mtu yuko Mombasa, halioni chungwa lako wala hakuoni wewe. Utamwelezaje pete imekaa vipi?"

"Nitamwambia imelala upande."

"Imelala kiasi gani? Hiyo ndiyo namba ya mwinamo, pete imeinuka kiasi gani kutoka kwenye ikweta. Lakini tazama." Aliizungusha pete kulizunguka chungwa bila kuiinua wala kuishusha. "Mwinamo ni ule ule, ila pete sasa imeelekea kwingine. Kwa hiyo lazima nimwambie pia inakata ikweta mahali gani inapopanda kwenda kaskazini. Mahali hapo tunapaita kifundo. Halafu njia yenyewe si duara kamili, upande mmoja unaikaribia dunia zaidi. Nikishasema ni upande gani, njia nzima imejulikana imekaaje angani. Namba mbili nyingine zinasema ni kubwa kiasi gani na imebonyea kiasi gani."

"Hizo tano."

"Ya sita inasema chombo kiko wapi kwenye njia hiyo, sasa hivi tunapozungumza."

Mwanyumba aliiangalia pete. "Basi mtoto yuko kwenye ya sita," akasema.

Mkawasi alichukua pete nyingine, kubwa kidogo, akaivisha juu ya ile ya kwanza. Hii ilikuwa njia ya karakana ya angani, na huko karakanani ndiko kilikofungwa chombo cha kuvutia vyombo vingine, ambacho wafanyakazi walikiita Punda. Pete zote mbili zilikuwa na mwinamo mmoja, ila zilikata ikweta mahali tofauti, zikapishana kama miguu ya mkasi.

"Punda anaweza kupanda na kushuka, hiyo si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuigeuza pete yenyewe ielekee kwingine. Mafuta yake yote hayatoshi. Ndiyo maana tumekaa tukimtazama tu."

"Na sasa?"

"Dunia imenenepa kiunoni. Ule unene unazivuta pete, nazo zinageuka polepole kuelekea magharibi. Ya chini inageuka haraka kuliko ya juu. Sagalla iko chini. Miaka yote hii imekuwa ikimfuata Punda, kidogo kidogo." Alisukuma pete ndogo kwa kidole mpaka ikalala sawasawa chini ya kubwa. "Mwezi ujao zitalingana. Punda atashuka, atamchukua, atamweka tumboni mwake, atamleta."

Mwanyumba akauliza kile ambacho mkewe alikuwa akikiogopa. "Atakuwa mzima? Nina maana, mwili."

"Yuko ndani ya vazi lake. Huko ni baridi tupu. Atakuwa kama alivyokuwa."

Mwanyumba alivua kofia. Alilia bila kujificha, mbele ya sufuria za chai, huku bado amelishika chungwa kwa uangalifu kana kwamba akililegeza pete zitateleza. Binti yao Wawuda alikuwa fundi wa setilaiti za hali ya hewa. Kipande cha chuma kisichozidi ukucha, takataka ya zamani inayozunguka huko juu, kilipenya Sagalla ubavuni, kikachana ngao ya joto chini ya chombo na kuitoa nje hewa yote, hata ya vazi lake. Injini haikuguswa. Lakini chombo kisicho na ngao hakiwezi kurudi. Kikiingia angahewani kinaungua.

Jioni ya siku hiyo Mwanyumba alipiga simu Voi, Taveta na Mombasa. Hawakuwa wamekaa matanga. Shangazi yake Wawuda alikuwa amekataa katakata mtu yeyote amwite marehemu kabla hajamwona akishuka kaburini. Sasa kwaya ikaanza mazoezi, na mafundi wakaja kupima mahali pa kaburi, mteremkoni chini kidogo ya nyumba, upande unaopata jua la asubuhi.

*

Habari za Nyamizi zilifika kituo cha kufuatilia vyombo vya angani cha Vuria, alikofanya kazi Mkawasi, siku ya Jumanne, ukungu ukiwa bado haujauachia mlima.

Alikuwa msichana wa Tabora, fundi kama Wawuda, na setilaiti alizokuwa akizihudumia ni zile zile. Alikuwa peke yake katika kichombo cha kiti kimoja. Bomba la mafuta lilipasuka, tangi likamwaga angani karibu mafuta yote kabla hajaweza kulifunga. Yalibaki mafuta ya kusogea kidogo tu, kama mtu anayeweza kuvuka chumba lakini hawezi kupanda ngazi. Ngao yake ya joto ilikuwa nzima. Angeweza kutua salama kama angepata wa kumsukuma ashuke. Hewa yake isingefika jioni ya kesho. Kituo kilichokuwa kikimwongoza kiliomba msaada Vuria, kwa kuwa Vuria ndiyo iliyokuwa ikifuatilia vyombo vyote vya njia ile.

Barasa, mkuu wa zamu, aliwaita wote mezani. Alikuwa mtu mnene wa maneno machache.

"Punda?" akauliza.

"Punda hamfikii," alisema Mkawasi. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa hesabu za njia. "Mwinamo ni mmoja, vifundo bado viko mbali. Angekuwa amekwama mwezi ujao, angemfikia."

"Kuna chombo kingine kinachoweza kurushwa?"

"Cha karibu kinahitaji wiki kuandaliwa."

Kwenye ukuta, skrini ilionyesha dunia na pete zake. Pete ya Nyamizi ilikuwa ya kijani. Juu yake kabisa, imeigusa, karibu kuilalia, ilipita pete ya kijivu. Kila mtu aliiona. Mmoja akainamisha kichwa, mwingine akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mkawasi akatambua kwamba wangeweza kukaa hivyo mpaka hewa ya yule msichana iishe, kwa sababu ya kumheshimu yeye.

"Sagalla ina mafuta," akasema. "Mwinamo wake na kifundo chake ni kama vya huyu mtoto. Injini ni nzima. Betri zinajazwa na jua, na kila nikiiita inaitika. Huyu ana ngao, hana mafuta. Ile ina mafuta, haina ngao. Aende ajifunge kwayo, imsukume ashuke, wakikaribia angahewa aachane nayo."

"Na Sagalla?" aliuliza Barasa taratibu, ingawa alijua.

"Itaungua."

Barasa alifuta uso kwa kiganja. "Mama Mkawasi, unajua sheria. Chombo chenye maiti ni kaburi. Bila wazazi wote wawili kuridhia, sina ruhusa ya kukigusa hata kama wewe ndiye unayeniambia."

"Nampigia."

Alitoka nje barazani. Mwanyumba alipopokea simu, kinu kilikuwa kikinguruma nyuma yake.

"Baba Wawuda, zima kinu kidogo."

Mngurumo ukafa. "Kuna nini?"

Alimweleza. Hakuficha wala hakupamba. Mwanyumba alisikiliza mpaka mwisho.

"Punda hawezi kumfuata huyo msichana?"

"Hawezi. Pete bado hazijalingana."

"Na Wawuda?"

"Hatabaki hata kidogo, Mwanyumba. Hata jivu hatulipati."

Alimsikia akipumua. Mtu fulani huko kinuni aliuliza kama unga wake uko tayari, hakujibiwa.

"Hapana," alisema Mwanyumba.

"Baba Wawuda, ana miaka ishirini na sita. Ana watu wake."

"Najua ana watu wake. Namwonea huruma, Mungu ndiye shahidi. Lakini mimi nimengoja. Watu wananisimamisha njiani, mzee, umezika? Nawaambia bado. Mwaka huu bado, mwaka ule bado. Sasa nimepimiwa kaburi, umenionyesha kwa mkono wako kwamba anakuja, halafu unaniambia nimtie motoni mimi mwenyewe. Waombe watu wote duniani, Mama Wawuda. Mimi usiniombe."

"Atakufa."

"Wangu pia alikufa. Hakuna aliyetoa chochote."

Kinu kikaanza kunguruma tena kabla simu haijakatika.

Mkawasi alisimama pale mpaka vidole vyake vikaanza kuuma kwa baridi ya ukungu. Alimfikiria Mwanyumba. Hakuwa mtu mkatili. Angempa muda, siku mbili tatu, angekuja mwenyewe na kusema basi, fanyeni. Siku mbili hazikuwepo. Kisha alimfikiria mwanamke mmoja asiyemjua, huko Tabora, ambaye labda wakati ule alikuwa sokoni, bado hajaambiwa.

Aliporudi ndani Barasa alikuwa amesimama.

"Mzee amesemaje?"

"Amekubali."

Ilitakiwa Barasa azungumze na Mwanyumba mwenyewe, sauti irekodiwe. Alimtazama Mkawasi usoni kwa kitambo. Akaitazama ile pete ya kijani. Akasema, "Haya. Tuanze."

*

Mkawasi ndiye aliyeshika redio, kwa kuwa hakuna aliyeijua njia ya Sagalla kama yeye. Nyamizi hakumjua. Kwake ilikuwa sauti tu ya mama mmoja wa Vuria, nayo ilimwita mwanangu.

Mafuta machache yaliyobaki yalitosha kumfikisha. Alisogea polepole, akakosa mara ya kwanza, mara ya pili vikashikana. Watu chumbani wakapumua. Lakini kulikuwa na kazi moja ambayo haikuweza kufanywa kutoka duniani. Vali kuu ya mafuta ya Sagalla ilikuwa imefungwa kwa mkono, na kwa mkono tu ndivyo ingefunguka. Wawuda ndiye aliyeifunga, baada ya kupigwa, hewa ikimtoka. Mafunzo yao yaliwataka wafunge vali kwanza chombo kikitobolewa, nao wengi hufa wakikimbilia mlango. Kwa kuwa aliifunga, yale mafuta yalikuwa bado yapo.

"Nimeingia, mama," ilisema sauti ya Nyamizi. "Yupo."

"Najua. Vali iko kushoto, nyuma ya kiti chake. Mkono mwekundu."

"Nimeuona." Kimya kirefu, pumzi zikisikika. "Umekaza. Ngoja. Umefunguka."

Kwenye skrini ya Mkawasi, mstari wa shinikizo ukapanda. Barasa akainua kidole gumba.

"Vizuri sana, mwanangu. Sasa rudi kwenye kichombo chako, ufunge mlango. Tukichelewa, utashukia baharini mahali pasipo na mtu."

Hakujibu.

"Nyamizi?"

"Namfungua mikanda."

Mkawasi aliegemea meza. "Unasema?"

"Namfungua mikanda yake nije naye. Nitamweka mapajani. Nimesikia kwamba walikuwa wamchukue mwezi ujao azikwe kwao. Sitamwacha humu aungue kwa ajili yangu."

"Haingii. Mlango wako ni mwembamba, na vazi lake limeganda, kiuno na magoti havikunjiki."

"Mkanda mmoja umefunguka."

Barasa alionyesha ukutani, dakika zikipungua. Kama injini ingechelewa kuwashwa, ingebidi wangoje mzunguko mwingine, kisha mwingine, na dunia ingekuwa imegeuka chini yao, na hewa nayo ilikuwa ikiisha. Mkawasi alisikia yule msichana akihema, akisukuma, akigonga kitu. Alimsikia akilia. Na ndani ya moyo wake, kwa aibu ambayo hakumwambia mtu, alitamani aendelee. Alitamani ule mlango uwe mpana kidogo, afaulu, wote wawili washuke, amwambie Mwanyumba njoo umwone. Aliacha muda upite. Aliuacha upite zaidi ya alivyopaswa, na Barasa akamgusa bega.

"Mwache, mwanangu," akasema. "Njoo zako."

"Siwezi. Huyu ana mama yake. Mama yake ataniuliza."

"Mama yake ndiye anayekwambia."

Redio ilinyamaza.

"Mama?" alisema Nyamizi.

"Ndiyo, mimi. Huyo ni Wawuda wangu, na mimi nakwambia mwache. Mfunge mkanda wake asielee, halafu uende. Fanya haraka."

"Sawa, mama," alisema msichana kwa sauti ndogo. Baada ya muda wakasikia mlango ukifungwa.

Amri ya kuwasha injini ilitumwa na Mkawasi mwenyewe. Barasa alijitolea kumpokea kazi hiyo, akakataa. Injini iliyokaa kimya miaka sita iliwaka mara moja, ikamsukuma yule msichana kinyume cha mwendo wake. Pete ya kijani na pete ya kijivu zikaanza kubonyea pamoja, upande mmoja ukishuka kuelekea dunia, mpaka zikaigusa. Kichombo kikajitenga. Kwa muda mfupi vilionekana viwili kwenye skrini, kimoja nyuma ya kingine. Sagalla iliungulia juu ya bahari ya kusini, mbali na macho ya mtu yeyote. Kompyuta ikafuta pete ya kijivu, na mahali palipokuwa na zile namba sita pakabaki wazi.

Nyamizi alitua kwenye jangwa la Chalbi, hai, mbavu mbili zimevunjika. Chumba kizima kilishangilia, kisha wakakumbuka, wakanyamaza. Mkawasi aliomba ruhusa akaenda nyumbani.

*

Mwanyumba alikuwa ameshasikia. Wateja walikuwa na redio kinuni, na redio ilisema wazazi wa marehemu waliridhia kwa moyo mkunjufu. Walimpa mkono, wengine wakamkumbatia. Hakuwaambia lolote. Alifunga kinu, akaja akakaa sebuleni na unga wake mikononi, na ndivyo Mkawasi alivyomkuta.

"Nani aliridhia?" akauliza.

"Mimi."

"Redio imesema wazazi."

"Niliwaambia umekubali."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayejaribu kulielewa jambo la lugha ngeni. "Basi ulinipigia simu ya nini?"

"Nilidhani utakubali."

"Na nilipokataa nikawa nani? Mtu wa kupita tu?" Hakupaza sauti. "Pengine ningekubali, Mkawasi. Ungenikatalia, ungenililia, ungekuja pale kinuni ukanishika shati. Pengine ningekubali. Sasa sitajua kamwe kama mimi ni mtu wa namna gani. Umeniondolea na hilo."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Wawuda azaliwe.

Ndugu walikuja tarehe ile ile iliyopangwa, kwa kuwa nauli zilishalipwa na ng'ombe alishanunuliwa. Walibishana kama kaburi lifukiwe tupu au liwekwe nguo zake. Mwishowe halikuchimbwa. Kwaya iliimba, watu wakala, shangazi akakaa nje peke yake amewapa watu mgongo. Mjomba mmoja alimvuta Mwanyumba pembeni, akamuuliza kama kweli yeye mwenyewe alikubali jambo lile. Mkawasi alikuwa amebeba sinia karibu yao, akasimama.

"Tulikubaliana," alisema Mwanyumba.

Alimlinda, mbele ya watu wake. Na walipoondoka hakuzungumza naye tena ila kwa yale ya lazima: chumvi imekwisha, fundi wa mota amekuja. Alihamia chumba cha nje. Usiku hawakugombana. Mkawasi angefurahi kama wangegombana.

*

Nyamizi alikuja mvua za vuli zilipokatika, mchana, peke yake, kwa miguu kutoka barabarani. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alitembea ameshikilia ubavu. Mwanyumba alikuwa barazani akitengeneza chekeche la kinu, Mkawasi alikuwa jikoni, na kupitia dirishani aliwaona wote wawili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mimi ndiye Nyamizi."

Mwanyumba aliweka chekeche chini. Hakusimama. Hakumwambia akae. Msichana akabaki amesimama kwenye jua, chini ya ngazi.

"Nimekuja kuwaona," alisema. "Sijui kusema kitu cha maana. Mama yangu alinituma nije na maneno, njiani yamenipotea yote."

"Ulikuwa naye," alisema Mwanyumba.

"Ndiyo, baba."

"Mle ndani."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukumleta?"

Mkawasi aliacha alichokuwa akifanya, akaenda mpaka kwenye mlango wa jikoni. Nyamizi alimwona. Akamtambua, labda kwa jinsi alivyosimama. Angeweza kusema ukweli wote kwa neno moja, kwamba mama yake Wawuda ndiye aliyemwamuru. Hakusema.

"Nilijaribu," alisema. "Nguvu zilinishinda. Mlango ulikuwa mwembamba."

"Mimi ndiye niliyemwambia amwache," alisema Mkawasi kutoka mlangoni. "Alikuwa amemshika. Alikuwa hataki kumwacha, nikamlazimisha."

Mwanyumba hakugeuka. Alitazama mikono yake kwa muda mrefu, kisha akamtazama yule msichana, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Uliingiaje mle?"

"Kuingia?"

"Mlango. Uliufungua tu, ukaingia?"

Nyamizi alikunja uso, kama anayeogopa kuchekwa. "Nilipiga hodi."

"Ulipiga hodi?"

"Niligonga kwa mkono, mara tatu. Huko hakuna hewa, hata sauti haitoki, nilijua. Nilijua pia hakuna wa kunikaribisha. Lakini ilikuwa kwake, baba. Sikuweza kuingia tu kama mwizi. Nikagonga, nikasema hodi dada, nikangoja kidogo, ndipo nikafungua."

Mwanyumba aliinama mbele kumsikiliza. "Halafu?"

"Kioo cha kofia yake kilikuwa kimeshika barafu. Nikakifuta kwa kiganja ili nimwone ninayemsumbua. Alikuwa amefumba macho. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umerudi nyuma, kwenye vali, haukuwa umeachia. Ilibidi niulegeze kidole kimoja kimoja. Niliulaza mapajani mwake."

"Alikuwa amefumba macho."

"Ndiyo, baba."

"Hakuwa na sura ya hofu?"

Nyamizi alifikiri kabla ya kujibu, na Mkawasi alimpenda kwa kufikiri kule. "Alikuwa na sura ya mtu aliye kazini," akasema. "Amekunja paji hivi. Kama mtu anayekaza kitu."

Mwanyumba alicheka kidogo. "Tangu mtoto," alisema. "Hata akifunga kamba za viatu." Akajifuta macho kwa mkono wa shati. Kisha akasimama, akashuka ngazi, akamshika Nyamizi kiwiko upande ule usiouma, akampandisha barazani na kumkalisha kwenye benchi. Yeye akakaa kando yake. Baada ya kitambo alisogea zaidi, mpaka pakapatikana nafasi ya mtu wa tatu mwishoni. Hakumtazama mkewe. Hakumwita. Ila alisogea, na hakukuwa na sababu nyingine ya kusogea.

Mkawasi alikuja akakaa.

"Hebu anza tena," Mwanyumba alimwambia msichana. "Pale ulipogonga. Taratibu, usiruke kitu."

Nyamizi akaanza tena.